Ndege ya Mjomba Ponsiano

Kwenye matanga ya mjomba Ponsiano watani walianza vituko kabla hata chungu cha kwanza cha maharage hakijaiva. Mmoja wao, mzee mzima mwenye mvi, aliingia jikoni akachukua ungo wa kupepetea ulezi, akautia katikati ya miguu na kuzunguka nao uani huku akinguruma kwa midomo, "Mmmm! Mmmm! Ponsiano huyo anapita, funikeni vyakula!" Waombolezaji walicheka hadi wengine wakasahau kilichowaleta. Mimi nilikuwa nasonga ugali, macho yamejaa moshi na machozi pamoja, na kwa muda nilitamani kumrushia mwiko. Kisha nikacheka pia, kwa sababu utani wa msibani haukasirikiwi, na kwa sababu marehemu mwenyewe angecheka kuliko wote. Ila vijana waliokuwa wamekaa kwenye mikeka walinifuata baadaye, mmoja mmoja, wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, eti ni kweli?" Niliwajibu kuwa haukuwa ungo, ilikuwa ndege, na aliyeirusha nilikuwa mimi. Hawakuniamini. Mwanamke wa makamo mwenye miwani na miguu inayovimba, nani atamwamini?

Watu wa mikoa mingine wakisikia kwetu ni Sumbawanga huuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Nimeulizwa hivyo Mbeya, nimeulizwa Dodoma, nimeulizwa na daktari aliyekuwa ananishona kidole. Nimezoea, lakini kuzoea si kupenda. Wanaocheka hawajui kwamba neno hilo hilo, likisemwa kwetu na mtu asiyecheka, lingeweza kumtoa mtu kwenye nyumba yake akiwa na godoro kichwani. Mwaka ninaousimulia lilikaribia kumtoa mjomba wangu, na kilichomwokoa kilimgharimu. Watani husimulia nusu ya kwanza tu, tena vibaya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Duka la ushirika lililokuwa na rafu tupu lilikuwa limefungwa, na mbele yake watu walikuwa wamefungua vibanda vilivyojaa sabuni za kunukia, mitumba, betri za redio tulizoziita mawe, na biskuti zilizovuka kutoka Zambia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na jina langu halikutokea popote, nikaja kukaa kwa mjomba mtaa wa Mazwi, kwenye vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Chumba changu kilikuwa pia ghala. Kulikuwa na baiskeli, gunia la ulezi, debe la mafuta ya taa, na juu yake, imening'inizwa kwenye kamba ya nguo, ndege. Bawa lake lilikuwa refu kuliko mlango ulivyo mpana, kwa hiyo kila tulipotoka nayo ilibidi tulivue kwanza, tutoke na kiwiliwili, kisha turudi kulichukua. Mjomba alikuwa dereva wa mradi wa maji wa wageni. Mradi ulipokwisha wageni waliuza kila kitu kabla ya kuondoka, friji, magodoro, hata vibanio vya nguo, na injinia aliyekuwa akiendeshwa na mjomba alimwachia kitu ambacho hakuna aliyekitaka, yaani ndege hiyo ya kuongozwa kwa rimoti pamoja na sanduku la vifaa vyake. Jumapili walikuwa wakiirusha pamoja huko porini kwenye visima, na mjomba alikuwa fundi wa kuirusha. Mafuta yake hayakuwa petroli kama watani wanavyodai. Yalikuwa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na harufu yake ilikaa kwenye blanketi langu mwaka mzima.

Kilichobadilika ni macho. Daktari wa macho aliyepita hospitali ya misheni alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mjomba alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilicho mbele yake kabisa alikiona vizuri, hata maandishi madogo ya gazeti, lakini vyote vya pembeni vilikuwa vimefutika. Mimi peke yangu nilijua, na aliniapisha. Mbele za watu alijifanya mtu wa maringo. Alitembea polepole, hakugeuka akiitwa, alisubiri mtu amfikie mbele ya uso ndipo amchangamkie. Barabarani alikuwa akiwapita watu wazima waliosimama kando bila hata kuinamisha kichwa. Mtu ambaye hajakaa Ufipa hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kwetu salamu hairushwi kama mtu anayetupa punje kwa kuku. Mwanamume anainama, mwanamke anapiga magoti, unakunja viganja na kupiga makofi ya taratibu, unaulizwa nyumbani, unaulizwa watoto, unaulizwa mazao, na wewe unajibu na kuuliza. Mtoto hufundishwa makofi hayo kabla hajajua kushika kijiko. Anayempita mtu mzima kimya ama ana wazimu ama ana lake jambo, na mjomba hakuwa na wazimu. Mwanzoni walisema pesa za wageni zimempa kichwa kikubwa. Baadaye walianza kusema mengine.

Alificha macho kwa sababu ya basi. Mzee Salum, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kasanga, alikuwa amenunua basi kuukuu na kulipaka rangi ya bluu. Alikuwa akisubiri vipuri tu aanze nalo safari za Mtowisa, kule bondeni, na usukani alikuwa amemwahidi mjomba. Jioni moja alikuja kula kwetu. Nilipika dagaa aliowaleta mwenyewe, nikawatengea na kuketi chumbani kwangu, ukuta katikati, nikisikia kila neno. "Ponsiano," alisema Mzee Salum, "ule mteremko wa kwenda bonde la Rukwa unaujua kuliko mtu yeyote. Vijana hawa wa siku hizi wanakimbiza gari kama wanafukuza mwizi. Mimi nataka mtu mzima." Mjomba alimjibu kwa sauti ya raha niliyokuwa sijaisikia miezi mingi, "Wee niletee ufunguo tu." Ule mteremko ninaujua. Upande mmoja kuna jiwe na upande mwingine hakuna kitu, na barabara inakunja, inakunja tena, na kwenye kila kona kuna ng'ombe wa watu wanaopandishwa kuja mnadani. Mgeni alipoondoka nilimwambia mjomba, "Kule kuna kona."

"Barabara haikai pembeni, Leokadia. Barabara iko mbele."

"Na ng'ombe je? Na mtoto akitokea kando?"

Alipapasa meza akitafuta kiberiti kilichokuwa karibu na kiwiko chake. "Kesho asubuhi tunarusha," alisema. "Jiandae."

Alinifundisha kurusha kwa sababu yeye hakuweza tena. Ndege ikishapaa ilitoka ndani ya lile bomba la macho yake, na kuitafuta tena angani ilikuwa kama kutafuta nzi kupitia tundu la ufunguo. Macho yalikuwa yangu, maarifa yake. Tulikwenda alfajiri za kipupwe kabla upepo haujaamka, ng'ambo ya nyumba za mwisho za Mazwi, kwenye uwanda mtupu usio na mti hata wa kujifichia haja. Nyasi zilikuwa zimelowa umande wa baridi na vidole vilikufa ganzi. Mjomba alifunga bawa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kwa kuwa mipira yake ya asili ilikuwa imekatika, akazungusha pangaboi la puani kwa kidole hadi injini ikakubali, na mara zote ilimchapa kabla ya kukubali. Kisha alikimbia hatua chache na kuitupa ndege kuelekea upepo. Mimi nilikuwa nimesimama na rimoti imening'inia shingoni kwa mkanda, mikono juu ya vijiti viwili.

Kuipeleka mbali si kazi. Kazi ni kuirudisha. Ikiwa inakwenda, ukisukuma kijiti kushoto inakwenda kushoto, na unajiona rubani. Ikigeuka na kuja kwako, kushoto kwake ni kulia kwako, na mikono inakataa kuelewa. Asubuhi ya kwanza iliponijia nilisukuma kule nilikoona ni sawa, bawa likazidi kulala, nikasukuma zaidi, ikazidi, na mjomba alijua kila kitu kwa kusikia injini inavyolia. "Upande wa pili! Upande wa pili, we mtoto!" Ilipita juu ya vichwa vyetu tukajitupa chini, nayo ikatua nyasini yenyewe bila kuvunjika. Alipoinuka alinikaripia, nami nikamjibu kwa ukali ambao msichana hamjibu mjomba wake, tukarudi nyumbani na kunywa chai bila kuangaliana. Kesho yake alinifundisha dawa yake. "Ikija kwako, wewe mpe mgongo. Geuka uangalie inakokwenda, halafu itazame juu ya bega. Hapo mmekaa kiti kimoja." Nilifanya hivyo, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba nimekaa ndani ya kile kidude kule juu, nikiliona bonde na mabati ya mji na mashamba yakiwa madogo. Nilipiga kelele ya furaha. Mjomba, amesimama uso juu na asione kitu, alitabasamu kuielekea sauti ya injini.

Anguko letu kubwa lilikuwa kosa ambalo nadhani haliwezi kutokea nchi nyingine. Nilikuwa naishusha, imefika usawa wa paa, ndipo nikaona kwa pembe ya jicho mtu anakuja njiani na jembe begani. Alikuwa Mzee Gaudensi, mwenyekiti wa mtaa wetu, mtu aliyeibatiza nusu ya Mazwi kwa majina ya utani. Sikufikiri. Magoti yalipiga chini yenyewe, mikono ikaacha vijiti, nikapiga makofi. "Shikamoo, babu." Nikasikia mpasuko nyuma ya matuta. Mzee Gaudensi alinijibu vizuri, akasimama kidogo akimtazama mjomba, ambaye alikuwa wima kando yake, kimya, kidevu juu. Akaendelea na njia yake.

"Umemsalimia nani?" mjomba aliuliza, kwa kuwa alisikia makofi.

"Mzee Gaudensi."

Alishika kichwa. Hakusema lolote kuhusu ndege, ambayo pua yake ilikuwa imezama kwenye tuta na bawa limevunjika mbavu. "Nami nimesimama tu kama mlingoti," alisema. Ndege tuliitengeneza kwa wiki kadhaa, kwa gundi na vijiti vya mabua, mezani, chini ya kandili. Salamu ile hatukupata pa kuitengenezea.

Mvua za kwanza zilikuja na radi, kama kawaida ya Ufipa, na radi moja ikamuua ng'ombe wa jirani yetu, Mama Editha. Alikuwa ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yanawalea watoto wa yule mama mjane. Simlaumu kwa aliyosema. Ukipoteza kitu cha namna hiyo unataka awepo mtu wa kumkabili, maana huwezi kulikabili wingu. Siku mbili kabla alikuwa ametuona uwanjani, mimi na ule mlingoti mrefu wa chuma uliochomoza kwenye rimoti ukielekea mawinguni. Bombani nilisikia wanawake wakiongea kabla hawajaniona. "Kile kinanguruma bila mtu ndani." "Mwenyewe hasalimii, mmemwona? Anakupita kama jiwe." "Mchawi atasalimia vipi, si ataharibu dawa." "Lisemwalo lipo." Nilipofika, mmoja alinisogezea kwa mguu ndoo yangu niliyokuwa nimeiacha kwenye foleni. Jioni yake jiwe lilitua juu ya bati letu. Asubuhi lilitua jingine.

Kikao cha mtaa kilifanyika uani kwa Mzee Gaudensi. Mjomba alikaa mbele, mimi nikasimama nyuma pamoja na wanawake. Waliongea wengi, wengine wakitaka ahame mara moja arudi kijijini alikotoka, wengine wakitaka ile ndege ichomwe kwanza. Mzee Gaudensi aliwasikiliza wote, kisha akatoa neno. "Kitu cha usiku hakipendi mchana. Jumamosi alasiri, kirushwe mbele yetu wote, tukione kinavyokwenda na kinavyorudi. Kikiwa chombo cha watu, tutajua. Kikiwa cha mengineyo, Ponsiano, utatuachia mtaa wetu." Mzee Salum alikuwapo. Wakati wa kutoka alimshika mjomba mkono nami nikasikia. "Ndugu yangu, mimi sisadiki hayo. Lakini abiria wakisadiki, nitapakia nani? Maliza jambo hili Jumamosi, Jumatatu ukawashe basi. Vipuri vimefika."

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikiirusha vibaya, mjomba atafukuzwa, naye anaelekea kuwa kipofu, aende kukaa na nani? Nikiirusha vizuri, Jumatatu atashika usukani na kulishusha basi kwenye ule mteremko pamoja na watu wote waliomo. Niliwaza kumwambia Mzee Salum. Nilikuwa nimeapa. Niliwaza kumwambia padri. Nilimwambia mjomba mwenyewe, tena nikilia, na yeye akajibu taratibu, "Nikikaa nyumbani, Leokadia, nitakuwa nani?"

Jumamosi ile wingu lilikuwa limesimama upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa, jeusi chini, na lilinguruma mara mojamoja kwa mbali. Mafuta yalikuwa yamebaki ya tangi moja. Mawe ya rimoti nilikuwa nimeyaanika juani asubuhi yapate nguvu, kama tulivyokuwa tukifanya na ya redio. Uwanja ulijaa watu kuliko nilivyowahi kuona hapo, watoto wamepanda mabegani, Mama Editha mbele na kitenge cheusi, Mzee Salum pembeni akizungusha ufunguo wa basi kwenye kidole. Wazee walikuwa bado. Upepo ukaanza kuamka na mjomba akaunusa. "Tukiwasubiri, haitapaa kabisa. Tuitoe sasa, ikae juu, wakija waikute." Akazungusha pangaboi, likamchapa, injini ikalia, watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Akakimbia akaitupa. Upepo uliinyanyua ghafla, ikayumba, nikaikamata kwa vijiti, ikapanda. Nilisikia umati ukishusha pumzi. Niliipeleka mbali, nikaigeuza, nikaipa mgongo nikiitazama juu ya bega, na kila kitu kilikwenda sawa. Nakumbuka niliogopa jinsi kilivyokwenda sawa.

Ndipo kelele zikakatika nyuma yangu, na badala yake nikasikia makofi. Makofi ya viganja vilivyokunjwa, mamia, ya taratibu. Wazee wamefika. Uwanja mzima ulikuwa umeshuka chini, wanawake magotini, wanaume wameinama, na mimi peke yangu nilikuwa wima, mgongo umeelekea kwa Mzee Gaudensi. Upepo ulikuwa unaisukuma ndege kama karatasi. Nikiachia vijiti inaanguka, pengine juu ya watoto. Mikono ilitaka kupiga makofi, jasho likaniingia machoni.

"Mmeona?" Sauti ya Mama Editha ilipasua yale makofi. "Mmeona wenyewe? Naye hasalimii! Amemrithisha!"

Watu walianza kunyanyuka. Mjomba alikuwa pembeni yangu. "Nipe," alisema.

"Huoni, mjomba."

"Nimesema nipe. Msalimie mzee."

Alivua mkanda shingoni kwangu akauvaa, vidole vyake vikapanda juu ya vyangu na vyangu vikachomoka chini yake. Nikageuka nikapiga magoti, nikapiga makofi, ila macho sikuyashusha kama inavyopasa. Yalikuwa angani, juu ya kofia ya Mzee Gaudensi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, babu. Kulia, mjomba! Kidogo. Basi."

Mzee Gaudensi alisita. Lakini salamu ya kwetu ikishaanza haikatwi, hata nyumba ikiungua, na yeye alikuwa mtu wa taratibu. "Na watoto wa dada yako?"

"Wazima, babu. Inashuka, vuta! Vuta! Hapo. Nanyi hamjambo kwenu?"

"Tunashukuru. Ulezi umeota?"

"Umeota vizuri, ila magugu yamezidi. Mjomba, inakuja kwetu, kushoto, kushoto kwako!" Nilikuwa nalia sasa na kupiga makofi bila mpangilio. Ndege ilipita juu yetu ikinguruma, watu wakalala chini, na mjomba, uso ameuelekeza kusikokuwa na kitu, aligeuza mgongo wake mwenyewe akaifuata kwa sikio. Aliigeuza vizuri. Sijui aliwezaje. Kisha injini ikakohoa, ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na pamoja nayo sauti, kitu pekee alichokuwa akikitegemea.

"Iko wapi?" aliuliza. Aliuliza kwa nguvu, mbele ya watu wote, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. "Leokadia, iko wapi?"

Niliacha salamu. Nilisimama nyuma yake nikamshika mabega yote mawili, nikimwambia kila kitu kwa sauti kubwa, sikujali tena nani anasikia. Iko mbele yako, juu. Inakuja. Kulia. Nyoosha. Iache ishuke. Iache. Bado. Bado. Vuta sasa. Ndege ilisugua nyasi, ikaruka kidogo, ikabinuka na kulala chali, magurudumu juu, nzima. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Gaudensi alitembea taratibu hadi mbele ya mjomba, kisha akasogea hatua moja kando, akainua mkono wake na kuupunga. Mjomba hakugeuka. Akaupunga tena.

"Ponsiano," alisema mzee. "Mkono wangu unafanya nini?"

Mjomba alivua mkanda wa rimoti shingoni. "Mkono sijauona, mzee. Naona mbele tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Kumbe ndiyo maana hukunisalimia siku ile nilipopita na jembe langu." Mzee Gaudensi aliugeukia umati, na nilimwona akijaribu kuuzuia uso wake usicheke, ukamshinda. "Jamani! Mchawi gani huyu? Mchana kweupe anaongozwa na mtoto wa shule, kulia, kushoto, vuta! Usiku radi ataielekezaje? Si angeua ng'ombe wake mwenyewe!"

Kicheko kilianzia kwa wazee kikaenea uwanja mzima. Walicheka hadi wakakaa chini. Wengine walikuja mmoja mmoja mbele ya uso wa mjomba, karibu kabisa, wakainama na kupiga makofi, "Unaniona hapa, Ponsiano? Habari za leo?" naye aliinama akawajibu wote. Mama Editha hakucheka, lakini naye alikuja. Katikati ya vile vicheko nilimtafuta Mzee Salum. Alikuwa ameacha kuuzungusha ufunguo. Alimtazama mjomba kwa muda, akautia mfukoni, akaondoka kuelekea mjini bila kuaga. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu ile jioni ya dagaa, na hapo hapo nikaona uchungu ambao sijui kuueleza, maana mjomba alikuwa bado anainamia watu, akitabasamu, na hakujua kwamba basi limeondoka.

Alijua jioni. Mzee Salum alituma kijana aseme kwamba amepata dereva mwingine, na kwamba anamtakia heri. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya bati. Tulikuwa tumekaa kula, ugali wa ulezi, na Mama Editha alikuwa ameleta bakuli la maharage na kuliweka mlangoni. Mjomba hakugusa chakula kwa muda mrefu. Mwishowe aliuliza ndege ilivyotua, nikamweleza yote, jinsi ilivyosugua nyasi, jinsi ilivyobinuka.

"Na watu walikuwa wanacheka," alisema. "Walikuwa wanaicheka ndege, au walinicheka mimi?"

Nilitaka kumdanganya. "Walikucheka wewe, mjomba."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya mbali. "Haya. Anayechekwa hafukuzwi." Kisha, badala ya kugeuzageuza uso kuyatafuta maharage huku akijifanya anawaza, kama alivyozoea, alinyoosha mkono wake wazi juu ya meza, kiganja juu, akangoja. Nikamwekea bakuli.